Nuru Juu ya Uso wa Muuaji: Suala la Kimaadili katika Kuzaliwa kwa Nyota wa Sinema za Giza

Utangulizi

Lipo swali la kale katika falsafa ya sanaa ambalo filamu imelirudisha kwa nguvu mpya: je, ni halali kumpenda mtu kwa sababu ameuigiza uovu vizuri? Plato alilikabili kwa kuwafukuza washairi katika dola yake ya kufikirika, akihofia kwamba nafsi huiga kile inachokitazama. Aristotle alimjibu kwa kudai kwamba huruma na hofu zinazoamshwa na tanzia huitakasa nafsi badala ya kuiharibu. Tangu hapo wahakiki wamegawanyika katika kambi hizo mbili, na wengi wa wanaoandika juu ya fasihi na maadili katika Afrika Mashariki wanaweza kuwekwa katika mojawapo.

Hata hivyo, Plato na Aristotle walikuwa wakizungumzia ukumbi ambamo waigizaji walivaa barakoa. Mtazamaji wa Kiyunani alimwona mfalme au muuaji. Hakuuona uso wa mwigizaji. Filamu imeiondoa barakoa hiyo na kumleta mbele yetu kiumbe ambaye wanafalsafa hao hawakumjua, yaani nyota: mtu ambaye uso wake hudumu kutoka kisa kimoja hadi kingine, na ambaye hadhira humpenda hata pale inapomchukia mhusika anayemwigiza.

Makala haya yanashikilia kwamba nyota hupatikana kwa kugawa nuru, na kwamba kila nuru inayogawiwa mmoja huwa imenyimwa mwingine. Kwa sababu hiyo, suala la kimaadili si kama tunampenda muuaji aliye mbele yetu katika kiwambo. Suala ni nani aliyewekwa gizani ili yeye apendeke. Ili kuithibitisha hoja hii tutaanza na Hollywood ya miaka ya 1940, kisha tutalinganisha sanaa yake na sanaa ya fanani wa ngano huko Kinango, katika Kaunti ya Kwale. Kutoka hapo tutaingia katika filamu ya Kenya ya mwaka 2012, na mwisho tutarudi Kwale, ambako swali hili halihusu sanaa peke yake.

Jinsi Giza Lilivyozaa Nyota

Mwaka 1946 mhakiki Nino Frank, akiandika Ufaransa baada ya vita, aliliita jina la weusi kundi la filamu za Marekani zilizokuwa zimeanza kufika Paris. Katika makala haya tutaziita sinema za giza. Zilikuwa visa vya mauaji, tamaa na usaliti, vikipigwa picha katika vyumba vyenye taa chache na vivuli virefu. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea riwaya ya upelelezi kama vile *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla atatambua tofauti mara moja. Bwana Msa huingia katika fumbo akiwa safi na hutoka akiwa safi, na akili yake ndiyo taa. Katika sinema za giza hakuna anayetoka safi, na mara nyingi tunalitazama jambo kwa macho ya yule aliyelitenda.

Ni katika giza hilo ndimo nyota kadhaa walimozaliwa. Humphrey Bogart alikuwa ameigiza majambazi kwa miaka mingi bila kupewa nafasi ya kwanza, hadi *High Sierra* na *The Maltese Falcon*, zote za mwaka 1941, zilipoufanya uso wake mchovu kuwa uso wa enzi nzima. Mwaka uliofuata Alan Ladd alipata umaarufu kwa kuigiza muuaji wa kukodiwa katika *This Gun for Hire*. Lakini mfano ulio wazi zaidi kwa hoja yetu ni Richard Widmark, ambaye *Kiss of Death* (1947), iliyoongozwa na Henry Hathaway, ilikuwa filamu yake ya kwanza kabisa. Kabla ya hapo alijulikana kwa sauti tu, katika michezo ya redio, na pia jukwaani.

Widmark hakuwa mhusika mkuu wa filamu hiyo. Nafasi hiyo ilikuwa ya Victor Mature. Yeye aliigiza Tommy Udo, muuaji mwenye kicheko cha kitoto. Katika onyesho linalokumbukwa kuliko yote, Udo anafika nyumbani kwa mtu anayemtafuta na kumkosa. Anamkuta mama yake, mwanamke asiyeweza kutembea. Anamfunga kwa waya katika kiti chake cha magurudumu, anamsukuma hadi penye ngazi, na kumwachilia aporomoke, huku akicheka. Kwa onyesho hilo Widmark aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, akawa na mkataba na studio ya Twentieth Century-Fox, na jina lake likadumu hadi kifo chake mwaka 2008.

Tuzingatie hesabu iliyofanyika hapa. Kuanzia mwaka 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni za maadili zilizotaka kila jinai iadhibiwe kabla ya filamu kwisha, na Udo aliadhibiwa kama kanuni zilivyotaka. Hata hivyo, mhusika aliadhibiwa ilhali mwigizaji alilipwa, na hadhira iliyokwisha kuridhika kwamba haki imetendeka ilitoka ukumbini ikiwa na hamu ya kuuona tena uso uleule.

Naye yule mama? Aliigizwa na Mildred Dunnock. Hakuwa mwigizaji wa kubahatisha. Miaka miwili baadaye alisifiwa sana katika nafasi ya Linda Loman, mke wa mchuuzi katika tamthilia maarufu ya Arthur Miller. Pamoja na hayo, anayelizungumzia onyesho la ngazini husema, "kicheko cha Widmark." Kiti kinakumbukwa na ngazi zinakumbukwa, aliyekuwa kitini hukumbukwa kama kifaa cha onyesho. Hakukosa kipaji. Alichokosa ni nuru, kwa kuwa nuru yote ilikuwa imekwisha kuelekezwa kwenye uso wa anayecheka.

Hofu ya Wadhibiti na Upungufu Wake

Jibu la kwanza ambalo mamlaka limelitoa kwa hali hii, kila mahali na kila zama, ni lile la Plato. Serikali za kikoloni katika Afrika Mashariki ziliunda bodi za kukagua filamu, na miongoni mwa hofu zao ilikuwa kwamba Mwafrika akitazama ujambazi ataiga ujambazi. Na zaidi ya hayo, kwamba akimwona Mzungu anaiba na kuua kiwamboni, heshima iliyouhifadhi ukoloni itapungua. Baada ya uhuru fikra hiyo haikutoweka. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Rosa Mistika* (1971), ilipigwa marufuku mashuleni nchini Tanzania kwa misingi inayokaribiana na hiyo, ingawa mwandishi alikuwa akiukemea uharibifu alioueleza.

Nadharia ya kuiga ina upungufu wa aina mbili. Kwanza, inamdharau mtazamaji. Mtu mzima anajua kwamba mwigizaji si mhusika. Widmark mwenyewe alitoa ushahidi wa mpaka huo alipoigiza mbaguzi wa rangi katika *No Way Out* (1950), filamu kubwa ya kwanza ya Sidney Poitier. Inajulikana kwamba baada ya kumtamkia Poitier matusi yaliyoandikwa katika mchezo, Widmark alikuwa akimwomba radhi. Chuki ilikuwa ya mhusika. Aibu ilikuwa ya mwigizaji.

Pili, nadharia hiyo inaangalia upande mmoja tu wa kiwambo. Mdhibiti huuliza, "Huyu muuaji anavutia kupita kiasi?" Haulizi kama aliyeuawa ametendewa kama mtu. Mkasi wake ungeweza kukiondoa kicheko cha Udo na bado ukamwacha mama yule alivyo, yaani mzigo unaosukumwa. Filamu iliyosafishwa kwa namna hiyo ingekuwa na adabu zaidi bila kuwa na haki zaidi.

Wapo, kwa upande mwingine, wanaodai kwamba sanaa haidaiwi lolote na maadili, na kwamba uzuri wa uigizaji wa Widmark unatosha. Hoja hii nayo haitufikishi mbali, kwa sababu uzuri huo umejengwa kwa uamuzi. Mtu fulani aliamua taa iwekwe wapi, kamera isogee kwa nani, na picha ikatwe lini. Uamuzi unaohusu nani atazamwe na nani asitazamwe ni uamuzi wa kimaadili hata kama aliyeufanya alifikiria uzuri tu.

Fanani wa Kinango na Uso Mmoja

Ili tuuone uamuzi huo kwa uwazi, tunahitaji sanaa nyingine ya kulinganisha nayo. Kinango, mji ulio bara ya Kwale katika nchi kavu ya Waduruma, una urithi wa ngano ambao Wamijikenda wote wanashiriki kwa namna moja au nyingine. Humo Sungura, mdogo wa mwili na mwingi wa hila, huwadanganya wakubwa, huiba, na mara nyingine husababisha vifo. Watoto humcheka Fisi na kumshangilia Sungura. Kwa kipimo cha mdhibiti, ngano hizo zingestahili kupigwa marufuku kabla ya *Kiss of Death*.

Mbona basi hazijawahi kuonekana kuwa hatari? Jibu la kawaida ni kwamba mwishoni huja funzo. Jibu hilo halitoshi, kwani ngano nyingi za Sungura hazina funzo lililo wazi, na Sungura huenda zake akiwa ameshiba. Sababu iliyo ya msingi zaidi imo katika namna ya utendaji. Fanani ana mwili mmoja. Aghalabu ni nyanya mbele ya wajukuu wake, na ndiye Sungura, ndiye Fisi, ndiye Simba, na ndiye yule mzee aliyeibiwa mavuno. Anaibadilisha sauti, anakunja uso, anachechemea, kisha anarudi kuwa yeye. Mwizi na mwibiwa, muuaji na muuawa, wote wanaupata uso uleule na pumzi ileile. Haiwezekani mmoja wao apewe nuru yote, maana taa ni moja na inawamulika wote kwa zamu.

Isitoshe, hadhira inamjua fanani nje ya ngano. Inajua mbuzi wake ni wangapi, nani anamdai, na jana alimgombeza nani kisimani. Mapenzi ya hadhira kwa Sungura yanashikwa breki na ujuzi huo: hakuna mtoto anayedhani kwamba nyanya ni mwerevu asiyeshindwa kwa sababu Sungura hakushindwa. Nyota wa filamu hajulikani hivyo. Tunachokijua ni uso, na uso huo tumepewa ukiwa umekwisha kupangwa. Kwa hiyo nyota ni fanani aliyetengwa na jirani zake, kisha akakabidhiwa nafsi moja tu ya ngano aibebe.

Hatudai kwamba ngano ni bora kuliko filamu, wala kwamba kale kulikuwa na wema usiokuwepo sasa. Tunadai kwamba ulinganisho huu unafichua jambo: kugawa mwili mmoja wa fanani kuwa miili mingi ya waigizaji ndiko kulikowezesha kuwepo kwa nyota, na papo hapo kukawezesha kuwepo kwa asiye na uso.

Mwas, Wairimu na Makofi

Historia ya filamu katika Afrika Mashariki imelijua jambo hili kwa uchungu. Bogart alipata Oscar yake kwa *The African Queen* (1951), iliyopigwa picha kwa sehemu kubwa Kongo na Uganda. Waafrika wanaoonekana humo hawana uso wa kukumbukwa. Kwa hiyo haikuwa jambo dogo pale filamu ya Kenya yenye giza lake yenyewe, inayozungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu, ilipomfanya kijana wa Kenya kuwa nyota. Filamu hiyo ni *Nairobi Half Life* (2012) iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Ndiyo filamu ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na Joseph Wairimu alitunukiwa kwayo tuzo ya mwigizaji bora katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Durban mwaka huohuo.

Wairimu anamwigiza Mwas, kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu na kuwaigizia wateja vipande vya filamu hizo. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Anaporwa mara tu anapofika, anatupwa korokoroni, na huko anakutana na Oti, kiongozi wa genge. Tangu hapo anaishi maisha mawili: mchana yumo katika mazoezi ya mchezo wa jukwaani, usiku yumo katika wizi wa magari. Kadiri anavyozama katika jinai ndivyo anavyopanda katika sanaa. Filamu hii basi inahusu lile hasa tunalolijadili, yaani kupanda kwa nyota kupitia uovu, na mwigizaji wake amepanda kwa kuigiza kupanda huko.

Upeo wa filamu uko mwishoni. Wenzake wa genge wanakufa kwa risasi katika mkasa unaowahusisha polisi. Mwas ananusurika na kufika jukwaani. Anaigiza akiwa na majonzi ya kweli, na hadhira ya mchezo inapiga makofi. Inampigia makofi kwa sababu haijui kwamba ametoka penye maiti. Sisi, hadhira ya filamu, tunajua, na bado tunamshangilia. Gitonga ameweka hadhira mbili uso kwa uso, na katika pengo lililo kati ya kutojua kwao na kujua kwetu ndimo swali la kimaadili linamoishi.

Tufanye hesabu ileile tuliyoifanya kwa Widmark. Filamu hii inastahili sifa kubwa kwa sababu imempa nuru kijana ambaye taarifa za polisi humpa sentensi moja: "mshukiwa aliuawa." Jambo hili lina uzito mkubwa katika Pwani, ambako shirika la HAKI Africa la Mombasa lilichapisha mwaka 2016 ripoti juu ya mauaji na kupotea kwa watu. Mtazamaji aliyekaa na Oti kwa saa moja na nusu hawezi tena kusema kwa wepesi kwamba Oti alistahili risasi bila mahakama. Emmanuel Levinas alifundisha kwamba uso wa mwenzangu, kabla ya neno lolote, huniamuru nisimuue. Filamu ya giza, inapofanya kazi yake vizuri, huurudisha uso huo kwa mtu aliyeporwa.

Lakini wanaoibiwa magari katika filamu hiyohiyo aghalabu hupita bila maisha yao wenyewe. Wao ni kioo kilichovunjika na sauti inayopiga mayowe. Hatusemi hivi kwa kumlaumu Gitonga; kisa kisichokuwa na kitovu hakisimuliki. Tunasema tu kwamba nuru iliyomwokoa Oti katika dharau yetu ina gharama, na gharama hiyo haiandikwi katika orodha ya majina inayopita mwishoni.

Ajuza Asiye na Nuru

Gharama hiyo tunaweza kuiona vizuri zaidi tukirudi Kwale. Kwa miaka mingi katika kaunti za Kwale na Kilifi wazee, wanaume kwa wanawake, wameuawa kwa kushutumiwa uchawi, ambao Wamijikenda huuita *utsai*. Mvi na macho mekundu yamegeuzwa kuwa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya shutuma hizo umekuwepo ugomvi wa ardhi, na watuhumiwa wa mauaji wamekuwa jamaa wa karibu walio na umri mdogo. Huko Ganze, Kilifi, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka nyumbani kwao. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925, iliwekwa kuwaadhibu wanaojidai wachawi na wanaowashutumu wengine. Haikuwazuia wenye mapanga.

Pingamizi litatolewa hapa, nalo ni la haki: je, filamu ina uhusiano gani na hayo? Waliofanya mauaji hayo hawakuhitaji kumwona Widmark. Kweli, nasi tumekwisha kuikataa nadharia ya kuiga. Uhusiano tunaoudai ni wa mazoea ya kutazama. Mtu aliyezoezwa na mamia ya visa kwamba kijana mwenye nguvu, hata akiwa mwovu, ndiye mwenye kisa, ilhali kikongwe ni mahali tu ambapo kisa cha mwingine kinapita, atakuwa na ugumu wa kukitafuta kisa cha kikongwe. Habari ya mauaji ya mzee mara nyingi hufika kwetu kwa umbo hilohilo: umri wake, kijiji chake, na namna alivyokufa. Kuhusu muuaji tunauliza ni nini kilichomsukuma. Kuhusu aliyeuawa tunauliza kama kweli alikuwa mchawi. Swali la kwanza linampa mtu nafsi; la pili linamweka kizimbani akiwa maiti.

Mama aliyesukumwa ngazini mwaka 1947 na ajuza anayevunjiwa mlango usiku hawafanani kwa hali yoyote ya nje. Wanafanana kwa kuwa wote wawili wamekalia kiti ambacho hakuna taa iliyoelekezwa kwacho. Na kwa Kinango ipo kejeli kali zaidi. Yule anayeshutumiwa kwa sababu ya mvi zake ni wa rika lilelile la fanani. Jamii inamwondoa yule aliyejua kumpa mwizi na mwibiwa uso mmoja, kisha inakwenda kujifunza huruma katika sanaa ambayo haina nafasi yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la Plato, lilivyoulizwa na wadhibiti hadi leo, linaelekezwa mahali pasipofaa. Kumpenda Widmark, Bogart au Wairimu si kosa. Katika filamu iliyo bora mapenzi hayo yanaweza kuwa mlango wa kumwona binadamu katika mtu ambaye jamii imeshamhukumu bila mahakama. Kosa huanza pale tunapodhani kwamba nuru iliyotufikia ndiyo nuru yote iliyokuwapo.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba uhakiki wa filamu katika idara zetu usiishie katika kuchambua wahusika wakuu na dhamira, kama ulivyozoea kufanya kwa kufuata uhakiki wa riwaya. Uanze pia kuuliza, kwa kila onyesho, taa imewekwa wapi na nani ameachwa nje yake. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo atamtazama Tommy Udo akicheka, na ataweza kuusifu ustadi wa Widmark bila kujificha. Kisha atarudisha picha nyuma kidogo na kumtazama Mildred Dunnock, ambaye uso wake, kwa sekunde chache kabla ya ngazi, umeonyesha kwa ukamilifu hofu ya mtu anayejua kwamba hakuna anayekuja. Uigizaji huo umekuwapo katika filamu tangu mwaka 1947.